Ulimwengu wa mabenki makubwa: Sinema zinasema kweli kiasi gani?

MWEZI Machi mwaka 2010, Gary Gensler, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa tume ya Serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, alikuwa akitoa maelezo mbele ya wabunge wa nchi hiyo kuhusu upungufu uliokuwamo katika sheria. Miongoni mwa mifano aliyoitoa hapo ulikuwamo wa sinema ya vichekesho.

Sinema hiyo ni Trading Places, iliyotoka mwaka 1983 ikiongozwa na John Landis na kuigizwa na Eddie Murphy na Dan Aykroyd. Ndani yake, ndugu wawili matajiri wanapanga kuipata kwa wizi ripoti ya Wizara ya Kilimo kuhusu mavuno ya machungwa kabla haijatangazwa, ili wajitajirishe kwa mikataba ya juisi ya machungwa iliyogandishwa. Murphy na mwenzake wanaiwahi ripoti hiyo na kuwaachia matajiri hao karatasi ya uongo.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawakulifahamu ni kwamba katika miaka ile, ingawa wizi ni wizi, sheria za masoko ya bidhaa hazikumkataza waziwazi mtu kufanya biashara kwa kutumia taarifa iliyochukuliwa serikalini kwa njia hiyo. Pengo hilo lilizibwa miaka 27 baadaye, kwa kifungu cha 746 cha sheria ya mageuzi ya sekta ya fedha iliyotiwa saini Julai 2010. Wanasheria wa Marekani hukiita Kanuni ya Eddie Murphy.

Ni nadra kwa kichekesho kuwatangulia watunga sheria kwa kiasi hicho. Kisa hicho kinalifanya swali la ukweli wa sinema za mabenki kuwa zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa raia wengi hawatakanyaga kamwe ghorofa zinakoamuliwa bei za hisa na mikopo. Wanayoyajua kuhusu mahali hapo wameyapata katika giza la ukumbi wa sinema, au sebuleni kwao mbele ya televisheni.

Ukiichunguza kwa makini, biashara inayofanyika mwishoni mwa Trading Places ni ya kweli. Mashujaa wetu wanaanza kwa kuuza kabla hawajanunua. Katika soko la mikataba jambo hilo linaruhusiwa: anayeuza leo anaahidi kukabidhi mzigo siku ya mbele, na kabla siku hiyo haijawadia anaweza kununua ahadi nyingine ya namna hiyo na kujitoa. Matajiri wanaoamini kuwa mavuno ni mabaya wananunua kwa pupa na kuipandisha bei. Murphy na Aykroyd wanawauzia bei ikiwa kileleni. Ripoti ya kweli inaposomwa, mavuno yakiwa mazuri, bei inaporomoka, nao wananunua kwa bei ya kutupa ahadi za kufidia zile walizouza. Hata ukumbi unaoonekana ni ukumbi halisi wa soko la bidhaa uliokuwa katika majengo ya World Trade Center, New York.

Kilichotiwa chumvi ni mwendo. Masoko ya aina hiyo huweka mipaka ya kupanda na kushuka kwa bei katika siku moja, hivyo anguko kubwa kama lile lingechukua siku kadhaa. Lakini hakuna mtayarishaji atakayemweka mtazamaji kitini siku tatu akisubiri bei ya machungwa ishuke.

Sinema iliyojenga sura ya mfanyabiashara wa hisa katika fikra za watu ni Wall Street, ya mwaka 1987. Mwongozaji wake, Oliver Stone, hakuwa mgeni wa mambo hayo. Baba yake, Louis Stone, alikuwa dalali wa hisa, na sinema hiyo ilitolewa kwa kumbukumbu yake. Miongoni mwa washauri wake alikuwamo Kenneth Lipper, aliyewahi kufanya kazi katika benki za uwekezaji na kuwa naibu meya wa Jiji la New York. Ndiyo maana mambo mengi madogomadogo yako sawa: simu zisizokoma, vijana wanaowapigia wateja wasiowajua, na tamaa ya kijana Bud Fox ya kuingia katika ofisi ya mkubwa.

Msingi wa hadithi nao ulichotwa katika matukio ya wakati ule. Mwaka 1986 Dennis Levine, mfanyakazi wa benki ya uwekezaji, alikamatwa kwa kununua hisa huku akizijua siri za makampuni yaliyokuwa mbioni kununuliwa. Alipoanza kuzungumza na wapelelezi alimtaja Ivan Boesky, mmoja wa wafanyabiashara mashuhuri wa Wall Street, ambaye alikubali kulipa dola milioni 100. Mwaka huohuo, kabla mambo hayajamharibikia, Boesky alikuwa amewaambia wahitimu wa shule ya biashara huko Berkeley, California, kwamba uroho ni jambo lenye afya. Hotuba maarufu ya Gordon Gekko, mhusika aliyeigizwa na Michael Douglas, ina mwangwi wa maneno hayo. Desemba 1987, mwezi uleule ambao sinema hiyo ilianza kuonyeshwa, Boesky alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Stone alikusudia kumchora mtu mwovu. Douglas alimwigiza kwa ustadi hata akapata tuzo ya Oscar, na hapo ndipo kusudio lilipogeuka. Vijana wengi waliotoka kuitazama sinema hiyo hawakutamani kuwa baba yake Bud Fox, fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, ambaye ndiye moyo wa hadithi. Walitamani kuwa Gekko. Stanley Weiser, aliyeshirikiana na Stone kuiandika, alieleza mwaka 2008 jinsi watu walivyokuwa wakimwambia kwamba Gekko ndiye aliyewafanya waipende kazi hiyo.

Mwaka 2000, Ben Younger alilitia jambo hilo ndani ya sinema yake, Boiler Room. Madalali chipukizi wameketi katika nyumba kubwa isiyo na samani, wanaitazama Wall Street kwenye televisheni, na kila mmoja anajua maneno ya Gekko kwa moyo, anayatamka kabla mwigizaji hajayatamka. Kisha asubuhi wanakwenda kazini kuwauzia watu hisa zisizo na thamani.

Tofauti na hizo, Rogue Trader ya mwaka 1999 inamhusu mtu mwenye jina lake halisi. Nick Leeson, anayeigizwa na Ewan McGregor, alikuwa kijana wa Kiingereza aliyepelekwa Singapore mwaka 1992 na benki ya Barings, iliyoanzishwa mwaka 1762. Alifungua akaunti yenye namba 88888, ambayo kwanza ilificha kosa dogo la karani, kisha ikaficha hasara zake mwenyewe. Hasara ilipoongezeka, dau nalo liliongezeka, maana mfa maji haachi kutapatapa. Mnamo Januari 17, 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japan, na soko la hisa la Tokyo likashuka. Mwezi uliofuata Barings ilianguka ikiwa na hasara ya pauni milioni 827, na kampuni ya ING ya Uholanzi ikainunua kwa pauni moja tu.

Ubora wa sinema hiyo ni kwamba inaonyesha mlango aliopitia Leeson, nao ni mlango wa kuchosha kabisa kuutazama. Mtu mmoja alipewa kazi mbili: kufanya biashara sokoni, na kusimamia ofisi inayoandika na kuhakiki hesabu za biashara hiyohiyo. Mhasibu yeyote wa chama cha ushirika anajua kuwa anayeshika fedha hapaswi kuwa ndiye anayeshika daftari. London walikuwa wakimtumia mamilioni ya pauni aliyoyaomba, wakidhani kuwa ni fedha za dhamana kwa ajili ya wateja.

Hata hivyo, sinema hiyo ilitokana na kitabu cha Leeson mwenyewe, naye ndiye anayesimulia. Si ajabu basi kwamba mabosi wake wanaonekana kama mabwege, naye kama kijana mwema aliyezidiwa. Upande wa mabwege hauko mbali na ukweli. Wa kijana mwema una maswali, hasa ikikumbukwa kwamba mahakama ya Singapore ilimhukumu kifungo cha miaka sita na nusu.

Swali la nani anasimulia linakuwa kubwa zaidi katika The Wolf of Wall Street, iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 2013. Kwanza jina lenyewe linapotosha. Kampuni ya Jordan Belfort, Stratton Oakmont, haikuwa Wall Street. Ilikuwa Lake Success, katika kisiwa cha Long Island. Wala haikuwa sehemu ya fedha za juu kwa maana ya mabenki yanayokopesha serikali na kuunganisha makampuni. Kazi yake ilikuwa kununua hisa za makampuni madogo kwa bei ya chini, kuzipigia debe kwa simu hadi bei ipande, kisha kuwabwagia wateja na kuondoka na faida.

Anasa zinazoonyeshwa, kuanzia madawa ya kulevya hadi boti iliyozama katika bahari ya Mediterania, zinatokana na kitabu cha Belfort, ambaye alikiri makosa mwaka 1999 na kukaa gerezani miezi 22. Anayekosekana kwa takriban saa tatu ni mtu wa upande wa pili wa simu. Sauti yake inasikika. Uso wake hauonekani. Mahakama ilitaja waathirika 1,513 na kuamuru walipwe takriban dola milioni 110. Belfort mwenyewe alipewa nafasi ya kutokea kwa muda mfupi mwishoni, akimkaribisha jukwaani Leonardo DiCaprio, aliyeigiza maisha yake.

Kuna kisa kingine nje ya pazia ambacho mwandishi wa hadithi za kubuni angeogopa kukitunga. Wizara ya Sheria ya Marekani ilidai kwamba fedha zilizotumika kuitayarisha sinema hiyo zilitoka katika mfuko wa maendeleo wa Serikali ya Malaysia, uitwao 1MDB, ambao uliporwa mabilioni ya dola. Mwaka 2018 kampuni iliyoitayarisha, Red Granite Pictures, ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza madai hayo bila kukiri kosa. Sinema kuhusu dalali mdogo wa Long Island ikawa imegusana na kashfa kubwa kuliko yake mara nyingi.

Hadi hapo, kila sinema ina mkosaji na ina sheria iliyovunjwa. Msukosuko wa mwaka 2008 uliwaweka watunzi wa hadithi katika mtihani, kwa sababu mambo mengi yaliyouangusha uchumi wa Marekani, na kuvuta sehemu nyingine za dunia, yalifanyika mchana kweupe, kwa mikataba iliyosainiwa na kupigwa mihuri. Benki zilikopesha watu nyumba bila kujali uwezo wao wa kulipa, zikaifunga mikopo hiyo pamoja na kuiuza kama hati za dhamana, na makampuni yanayopanga viwango vya ubora wa mikopo yakazipa hati hizo alama za juu. Filamu ya maelezo Inside Job, ya Charles Ferguson, iliyopata Oscar, iliufuatilia mnyororo huo kwa kuwahoji wahusika. Kuutia katika tamthilia ni kazi nyingine.

The Big Short ya mwaka 2015, iliyotokana na kitabu cha Michael Lewis, ilichagua kusimama na kufundisha. Adam McKay, mwongozaji wake, anaikatiza hadithi na kumleta mpishi Anthony Bourdain, ambaye anachukua samaki waliobaki bila kununuliwa na kuwapika mchuzi ili wauzwe upya kama chakula kipya. Ndivyo mikopo mibovu ilivyochanganywa na kuitwa bora. Kwa Mswahili mfano huo una ladha ya pekee, kwa kuwa yeye tangu utoto ameambiwa kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mabenki yalilipwa kwa kuamini kinyume chake.

Sinema hiyo ina uungwana wa kukiri inapodanganya. Mahali fulani mhusika anamgeukia mtazamaji na kusema kwamba tukio hilo halikuwa hivyo. Vilevile imeeleza vizuri kipindi kirefu cha kusubiri: Michael Burry, daktari aliyegeuka kuwa mwekezaji, alinunua mwaka 2005 kinga ambazo zingemlipa iwapo mikopo ya nyumba ingeshindikana kulipwa, akakaa takriban miaka miwili akilipia ada huku wateja wake wakimshambulia. Udhaifu wake ni kuwafanya watazamaji washangilie upande wa wachache waliotajirika, ilhali ushindi wao ulikuwa na maana ya watu kutolewa majumbani. McKay aliliona hilo, akampa Brad Pitt maneno ya kuwakemea vijana wanaocheza kwa furaha. Kemeo hilo ni fupi. Furaha imechukua nafasi kubwa zaidi.

Kati ya sinema zote za kundi hili, inayostahili kuaminiwa kuliko nyingine ni ile ambayo haina benki hata moja yenye jina la kweli. Margin Call, ya mwaka 2011, iliandikwa na kuongozwa na J. C. Chandor, ambaye baba yake alifanya kazi Merrill Lynch kwa miongo kadhaa. Ilipigwa picha kwa siku 17, kwa sehemu kubwa katika ghorofa moja ya ofisi huko New York. Hakuna boti, hakuna madawa. Kuna watu waliochoka, wamevaa mashati ya jana, wanatazama namba kwenye kioo cha kompyuta saa nane za usiku.

Kijana wa idara ya kupima hatari, ambaye shahada yake ya udaktari ilihusu roketi, anagundua kuwa benki imejaa hati za mikopo ya nyumba kiasi kwamba bei zikiyumba kidogo tu, hasara itaizidi thamani ya benki yote. Hilo si jambo la kubuni. Benki ya Lehman Brothers ilifunga mwaka 2007 ikiwa na mali ya takriban dola 30 kwa kila dola moja ya mtaji wake. Zilizobaki zilikuwa za kukopa. Mwenye hesabu hiyo akipoteza zaidi kidogo ya asilimia tatu ya thamani ya mali, mtaji wake wote umekwisha. Lehman ilifilisika Septemba 15, 2008.

Habari inapanda kutoka ngazi hadi ngazi, na kila ngazi mkubwa anayefuata anaelewa kidogo zaidi ya wa chini yake. Hatimaye anakuja mkuu wa wote, anayeigizwa na Jeremy Irons, na kumtaka kijana amweleze kama anayemweleza mtoto mdogo. Wanaamua kuuza kila kitu asubuhi ile, kwa wateja wao wa siku zote, kabla hawajashtuka. Hakuna anayepiga kelele. Mmoja anasema kuwa wanawauzia watu kitu wanachokijua kuwa hakina thamani, anajibiwa kwamba wanawauzia wanunuzi walio tayari kwa bei ya soko. Kisha wauzaji wanaahidiwa marupurupu yanayozidi dola milioni moja kila mmoja, na simu zinaanza kuita.

Hata hapo kuna kurahisisha. Hatari ya namna ile haigunduliwi na mtu mmoja kwa usiku mmoja, na karatasi zisizo na wanunuzi wengi haziishi ghalani kabla ya jioni. Lakini namna maamuzi yanavyofanyika, kwa adabu, kwa sentensi nusunusu, kila mtu akihesabu ada za shule za watoto wake na deni la nyumba, imechorwa kwa ukweli unaotisha. Mtu mbaya hayumo katika chumba kile, ila wamo watu wenye sababu zao.

Kitu ambacho sinema bado hazijakiweza ni mahali biashara ilikohamia. Ule ukumbi wa makelele na vipande vya karatasi, unaopendwa sana na wapiga picha, umekwisha kwa sehemu kubwa. London waliuacha baada ya mageuzi ya Oktoba 1986. Nairobi waliuacha mwaka 2006, mauzo ya hisa yalipohamia kwenye kompyuta. Chicago, Julai 2015 ilifungwa sehemu kubwa ya mabwawa ambamo wauzaji wa mikataba walikuwa wakipigana vikumbo. Leo soko kubwa duniani linaendeshwa na mashine katika jengo lisilo na madirisha ya kupendeza huko Mahwah, New Jersey, na ukumbi wa Wall Street umebaki zaidi kuwa mandhari ya watangazaji wa televisheni.

Labda ndiyo maana tukio mojawapo la kweli kuliko yote linapatikana katika sinema ya zamani ambayo haihesabiwi kuwa ya mabenki, It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Wateja wa chama kidogo cha akiba na mikopo wamejaa kaunta wakidai fedha zao. Mwenye chama, aliyeigizwa na James Stewart, anawaambia kuwa fedha hazimo sandukuni. Zimo katika nyumba ya jirani huyu na yule waliokopeshwa kujengea. Kila benki duniani, iwe ndogo au kubwa, inaishi kwa ukweli huo. Anafanikiwa kuwatuliza, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa amewatazama usoni na anawafahamu kwa majina.

Mnamo Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank huko California waliondoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta. Kesho yake benki hiyo ilikuwa mikononi mwa Serikali.